Wanne Tu, Mchungaji

Desemba iliyopita nilifika nyumbani Nyansurura nikamkuta mama ameinama mbele ya ukuta wa jiko, mikono imezama hadi viwiko kwenye samadi mbichi iliyochanganywa na udongo na majivu. Nimeishi Mugumu miaka mingi sasa, kwenye nyumba ya matofali na sakafu ya saruji, na pua yangu imezoea mambo ya kistaarabu. Lakini harufu ile ilinikuta mkoba ukiwa bado begani, nikashindwa kupiga hatua. Kuna watu ambao Krismasi kwao inanukia pilau. Kwangu mimi inanukia mavi ya ng'ombe, na sioni haya kulisema.

Siku hizi nyumba kubwa ina bati na lipu, jiko tu ndilo limebaki la udongo kwa sababu mama amekataa katakata libomolewe. Enzi za utoto wetu nyumba yote ilikuwa ya udongo, na wiki ya mwisho kabla ya Krismasi kila mwanamke kijijini alikuwa anakandika kwake. Watoto tulitumwa zizini kuzoa samadi ikiwa bado ya moto. Mama na bibi waliikanyaga kwa miguu mpaka ikawa laini, kisha wakaipaka ukutani kwa kiganja. Mdogo wangu Wambura alilazwa palepale kwenye ngozi ya ng'ombe, chini ya upenu, na mama alimtilia donge la udongo mkononi. Alilifinya mpaka likatokeza kati ya vidole, akacheka, akapewa jingine. Kuna kipande cha ukuta ule kilibaki na alama za vidole vyake kwa miaka mingi.

Nilikuwa na miaka minane hivi, Wambura sita. Tulikuwa watoto watano: Mwita, Rhobi, mimi, Wambura, na Matiko aliyekuwa bado ananyonya. Wambura alizaliwa siku ya mvua kubwa, ndiyo maana ya jina lake, na mama alikaa na uchungu siku mbili kabla ya kufikishwa hospitali. Hakutembea wala hakuongea. Shingo yake ilikuwa laini, udenda ulimtoka, na mikono yake ilikwenda ilikotaka yenyewe. Daktari alimwambia mama kwamba ni mtindio wa ubongo. Mama alirudi nyumbani na neno hilo, bibi akauliza maana yake ni nini, na mama akajibu, "Maana yake ni kwamba tutambeba." Na kweli tulimbeba, kila mmoja kwa zamu yake. Alikuwa na sauti moja tu, ndefu, ya kutoka tumboni, ambayo aliitoa akifurahi, na alikuwa mtu wa kufurahi kwa urahisi sana. Ndama akipiga chafya, Wambura anatoa sauti. Mwita akijikwaa, Wambura anatoa sauti.

Baba alikuwa mfugaji na mzee wa kanisa, na sijui kati ya hayo mawili lipi lilikuwa karibu zaidi na moyo wake. Mama yake, yaani bibi yetu, ndiye niliyerithi jina lake, kwa hiyo aliniita wajina, na kwa ajili ya jina hilo alinifundisha mambo ambayo wenzangu hawakufundishwa. Moja lilikuwa hili: ng'ombe hawahesabiwi. Kwetu mtu hasimami mlangoni pa zizi akanyoosha kidole, mmoja, wawili, watatu. Anawatazama wakiingia jioni, anawajua kwa rangi zao na kwa mama zao, na akikosekana mmoja anajua ni yupi. Ikitokea mgeni amekosa adabu akauliza wako wangapi, unamtajia idadi, lakini yule aliye bora kuliko wote unamwacha nje ya idadi hiyo.

Wetu aliye bora alikuwa Madoa, mtamba mweupe mwenye madoa mekundu mgongoni, aliyekuwa amezaa mara moja tu na tayari anatoa maziwa ya kushinda mama yake. Siku bwana mifugo alipokuja na daftari lake la chanjo, baba alimwambia ng'ombe wako kumi na mmoja. Madoa alikuwa wa kumi na mbili, na wakati huo alikuwa amefungwa nyuma ya shamba la mihogo, anatafuna bila wasiwasi. Nilimuuliza bibi kama baba amesema uongo.

"Uongo uko wapi, wajina?" bibi alisema. "Ametaja wale wanaotajwa. Madoa hatajwi. Ukimtaja, macho ya watu yanamwendea, na macho ya watu ni mazito."

Sasa mchukue mtoto wa miaka minane mwenye elimu ya namna hiyo, umweke uani siku mwinjilisti wa kanisa letu alipopita nyumba kwa nyumba kuandika watoto wa shule ya Jumapili. Mwinjilisti alimuuliza baba ana watoto wangapi. Baba akasema, "Wanne," akatutaja: Mwita, Rhobi, mimi, Matiko. Wambura alikuwa chumba cha ndani na mama, mlango umerudishwa. Nilijihesabia kwa vidole nyuma ya mgongo. Nikarudia. Kisha nikaelewa, na moyo ukanilipuka: baba ameacha mmoja. Baba amemwacha yule aliye bora.

Leo najua kwamba baba alikuwa anaona aibu. Watu walikuwa wamesema mengi. Wengine walisema wazee waliokufa wamekasirika kwa sababu baba aliacha mila akaenda kanisani, na wengine, hao wa kanisani, wakauliza mzee wa kanisa amefanya dhambi gani ya siri. Baba aliwasikia wa huku na wa kule, hakumjibu mtu, ila akaanza kusema wanne. Hakuna mtu aliyeniambia hayo wakati ule. Mimi nilikuwa na ushahidi wangu, na wote ulielekea upande mmoja. Nani alikunywa maziwa ya Madoa kabla ya mtu mwingine yeyote? Wambura. Nani alioga maji ya moto kila siku wakati sisi tunajimwagia ya kisimani? Nani hajawahi kutumwa kuni, hajawahi kuchapwa, halali bila kukandwa miguu kwa samli? Na wageni wakija, nani anawahishwa ndani haraka haraka, kama Madoa anavyowahishwa kwenye mihogo?

Nilimwonea wivu mkali. Sikumchukia, huwezi kumchukia mtu anayekuchekea kila ukiingia mlangoni, lakini niliumia kuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja. Basi daftari la mwinjilisti liliponyeshewa mvua akalazimika kupita tena, nilikimbia nikajificha chini ya ghala la mtama. Nilijikunja kati ya nguzo zake, nikaziba mdomo, nikasubiri kwa hamu baba aseme watatu. "Wanne," baba alisema, akanitaja katikati kama kawaida. Nililia palepale chini ya ghala, vumbi la mtama likinidondokea kichwani.

Aliyeumia kweli kwa hiyo "wanne" alikuwa mama. Kabla Wambura hajazaliwa, mama ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo kanisani. Wanawake wa huko bado wanasimulia. Tangu azaliwe, Krismasi sita mfululizo, mama alibaki nyumbani naye. Sisi tulivaa nguo mpya tukaenda na baba, na tuliporudi tulimkuta ameketi mlangoni na Wambura mapajani, akimwimbia nyimbo zile zile tulizotoka kuziimba, kwa sababu ngoma ya kanisa ilisikika hadi kwetu naye aliifuata kutoka mbali. Mimi nilidhani huo nao ni upendeleo. Wambura ana kwaya yake peke yake, nilijiambia.

Mwaka huo kanisa lilikuwa limepata mchungaji mpya kutoka Tarime, mtu wa maneno machache na suruali fupi. Alitangaza kwamba siku ya Krismasi kila familia itasimama mbele, baba ataje watoto wake mmoja mmoja kwa majina, na yeye atawawekea mikono awaombee. Siku tuliyokuwa tunakandika ukuta, mama aliacha kupaka akamgeukia baba aliyekuwa ananoa panga.

"Baba Mwita, mwaka huu naomba twende wote."

"Mwakani, mama Mwita. Acha kwanza apate nguvu kidogo."

"Mwakani ulisema mwaka jana. Na mwaka juzi."

Baba alijaribu ukali wa panga kwa kidole gumba, ingawa lilikuwa limeshanoleka vya kutosha, kisha akaondoka kuelekea zizini. Mama alirudi ukutani. Nilimwona amepaka sehemu moja mara tatu.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, mchungaji alituita watoto wote mbele akatusimulia habari za Yusufu na Mariamu, jinsi mtawala wa Roma alivyotaka watu wote wahesabiwe, nao wakasafiri mpaka Bethlehemu. Habari hiyo nilikuwa nimeisikia kila mwaka. Lakini mwaka huo, kwa mara ya kwanza, nilisikia neno kuhesabiwa na nikashtuka. Kumbe hata huko kulikuwa na bwana mifugo na daftari. Nilimwona Yusufu vizuri kabisa, amesimama mbele ya karani, anaulizwa, "Mko wangapi?" Na Yusufu, mtu mwenye akili kama baba yangu, anajibu, "Wawili," halafu anamwahisha Mariamu na mimba yake zizini, mahali ambapo karani hatakanyaga kwa sababu ya viatu vyake.

"Nani anaweza kuniambia," mchungaji aliuliza, "kwa nini Yesu alizaliwa kwenye zizi, asijulikane na wakubwa?"

Nilinyoosha mkono huku nimeshapanda juu ya benchi.

"Ni kwa sababu aliye bora hatajwi," nilisema, na sauti yangu ilikuwa kubwa, nilikuwa nimezoea kuita ng'ombe. "Yusufu alimwacha nje ya hesabu ili watu wasimtazame vibaya. Hata sisi nyumbani tuko watano lakini baba akiulizwa anasema wanne, anamficha Wambura kwa sababu ndiye anayempenda kuliko wote. Kama anavyomficha Madoa kwenye mihogo bwana mifugo akija."

Bwana mifugo alikuwa mwimbaji wa besi. Nilimwona akishusha kitabu cha nyimbo taratibu kutoka usoni. Hapo ndipo nilipojua nimefanya kosa, nikajua pia kosa lenyewe ni lipi: nimemtaja Madoa. Kanisa zima lilikuwa linamwangalia baba, aliyeketi kwenye viti vya wazee pale mbele, na baba alikuwa anaangalia mikono yake.

"Mtoto amejibu," mchungaji alisema. "Nilikuwa nimeandaa jibu langu, lakini hilo linatosha."

Njiani baba alitangulia bila kugeuka nyuma. Nilifuata nikijipangia maneno ya kuomba msamaha kuhusu ng'ombe. Mchana ule aliniita zizini. Nilikwenda, nikajilaza chini mwenyewe kabla hajasema, maana hivyo ndivyo tulivyolelewa.

"Inuka," baba alisema. "Nani alikuambia yale maneno?"

"Hakuna, baba. Nimeona mwenyewe."

"Umeona nini?"

Nikamweleza yote: maziwa, maji ya moto, samli, mlango wa ndani. Nilimweleza kama mtu anayeshtaki, kwa sababu wivu ulikuwa bado haujaisha. Nikamwambia na habari za ghala, kwamba nilijificha pale ili na mimi asinitaje walau siku moja, lakini alinitaja tu.

"Niliona miguu yako," baba alisema. "Nikadhani unatafuta mayai."

Kisha akaanza kucheka, kicheko cha ajabu, mabega yanatikisika lakini hakuna sauti, na akajifuta uso kwa kofia yake. Nami nikacheka, maana niliona sichapwi tena.

"Wambura mwenyewe," aliniuliza baadaye, "unadhani anajua kwamba ndiye aliye bora?"

"Anajua," nilimjibu. "Ndiyo maana anacheka kila saa."

Baba alisimama pale akimkuna Madoa kati ya pembe kwa muda mrefu, na mimi nikaondoka.

Jioni, jua likiwa bado liko juu ya miti, alimfuata bibi jikoni alikokuwa anapepeta mtama. Nilikuwa nalisha kuku pale nje, na masikio yangu hayakuwa na kazi nyingine.

"Mama," baba alisema, "ng'ombe anayefichwa hutajwa lini?"

"Mura, kijana wangu, unaniuliza mimi?" Bibi aliongea Kikurya siku zote, na Kiswahili kidogo alikiweka kwa ajili ya wageni na Mungu. "Si wewe uliyetoa ng'ombe kwa ajili ya huyu Ghati?" Ghati ndilo jina la mama. "Siku hiyo ya mahari ulitanguliza yupi kutoka zizini?"

"Yule mweusi mwenye pembe ndefu."

"Ambaye hukuwahi kumtaja kwa mtu."

"Ndiyo."

"Mbele ya wakwe ulimwitaje?"

"Kwa jina lake na la mama yake."

"Basi," bibi alisema, akaendelea kupepeta.

Siku tatu zilizofuata baba alishinda na shoka. Alikata gogo lenye panda, lile ambalo kwetu watu hufungia ng'ombe wakalikokota, plau au pipa la maji likiwa juu yake. Tulikuwa nalo tayari la zamani, na nilishangaa anataka jipya la nini wakati kulima kumeshapita. Kati ya zile panda mbili alipigilia mbao, juu ya mbao akafunga kiti alichokisuka kwa kamba za katani, chenye mgongo mrefu na mahali pa kuegemeza kichwa huku na huku. Akamwita mama amlete Wambura. Akampima. Akafungua kamba, akasuka upya, akampima tena. Mama alikuwa anaogopa kuuliza, nadhani, kama mtu anayeona jambo analolitaka linakuja lenyewe.

Katikati ya kazi hiyo bwana mifugo alifika na sindano yake. "Nimekuja kwa yule wa kumi na mbili," alisema. Baba alimtoa Madoa bila ubishi, na Madoa akampiga bwana mifugo teke la paja. Wambura alitoa sauti yake ndefu, na kila mtu akacheka, na bwana mifugo pia, ingawa alikuwa anachechemea.

Asubuhi ya Krismasi baba alifunga nira kwenye maksai wawili, akatandika ngozi na blanketi kwenye kiti kile, akaja mlangoni. Mama alikuwa amekaa mahali pake pa kila mwaka, na kanga yake ya kila siku.

"Vaa," baba alimwambia.

"Nivae niende wapi?"

"Kuhesabiwa."

Mama alipotoka chumbani alikuwa amevaa gauni la bluu ambalo mimi sikuwahi kuliona, lenye mikunjo ya kukaa sandukuni. Wambura alipakiwa na kufungwa kwa kanga kifuani. Maksai wakavuta. Gogo lilipita juu ya mawe na mizizi, mtoto akatikisika mwili mzima, na sauti yake ikatoka vipande vipande, aa, aa, aa, kwa kila jiwe. Alikuwa hajawahi kufurahi vile. Bibi, ambaye kanisani alikuwa anakwenda akijisikia tu, alitembea pembeni ya gogo na fimbo yake mbele kama anasindikiza mahari. Watoto wa njiani waliacha mbuzi wao wakatufuata.

Nisiseme kwamba kila mtu alitupokea. Tulipoingia, kuna mama mmoja alisogeza wanawe hadi mwisho wa benchi, na mwingine akamfunika mtoto wake macho kwa mkono. Mama alimshika Wambura mapajani, akimfuta udenda kwa ncha ya kanga. Ngoma ilipoanza, Wambura alikakamaa mwili wote kama ubao. Kisha akaachia sauti. Alishangilia ngoma, alishangilia kayamba, alishangilia mapulizo yaliyoning'inia juu, na mchungaji alipoanza kusoma akamshangilia na yeye, mpaka mchungaji akafunga kitabu akaketi kwanza, akisubiri zamu yake.

Familia zikaitwa. Ilipofika yetu, baba alitoka kwenye viti vya wazee akaja kwenye benchi letu. Sikuwahi kumwona baba akimbeba Wambura mbele ya mtu asiye wa nyumbani. Alimchukua kutoka kwa mama, miguu ile mirefu ikamning'inia ubavuni, kichwa kikamlalia begani na udenda ukaanza kulowesha koti lake la Krismasi. Tukasimama mbele wote.

"Nina watoto watano," baba alisema. Kisha akapaza sauti, ile sauti ambayo watu wote pale waliijua, ya mtu anayemtoa ng'ombe wake wa kwanza mbele ya wakwe. "Anayetangulia ni Wambura wa Ghati."

Kigelegele kilitoka mlangoni, alikokuwa amebaki bibi, chembamba na kirefu, na wanawake wote wakakipokea. Walielewa. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Wazee walikuwa wanagonga sakafu kwa fimbo zao. Wambura alichanganyikiwa kwa furaha mpaka akampiga mchungaji kofi la sikio wakati anawekewa mikono. Baada ya hapo baba alitutaja sisi wengine, Mwita, Rhobi, mimi na Matiko, lakini hakuna aliyekuwa anasikiliza, na kwa mara ya kwanza sikujali.

Ndipo nilipomwona mwanamke mmoja aliyekaa nyuma, ambaye mume wake alikuwa anafanya kazi kwenye kambi ya watalii huko Robanda, akiinuka na kutoka nje kwa haraka. Nilidhani amekasirika. Tulikuwa tumeshaimba nyimbo mbili aliporudi anahema, na mgongoni amembeba msichana mkubwa wa rika langu, miguu imepinda, macho yanashangaa mwanga. Nilikaa kijiji kimoja na msichana yule maisha yangu yote na sikujua kwamba yupo. Yule mama alipita katikati ya mabenchi mpaka mbele, peke yake, akamwambia mchungaji, "Mimi nilitaja wawili. Wako watatu." Mchungaji akaanza upya. Na mama yangu, akiwa amekaa, bila kuombwa na mtu, akaanzisha wimbo.

Nilikuwa nimeisikia sauti ile mlangoni kwetu miaka yote, ikiwa imepunguzwa kwa ajili ya sikio la mtoto mmoja. Sikujua ni kubwa vile. Wanawake wazima waligeuka wakamtazama huku wanaitikia wanalia. Mchana ule tulikula nyama na kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo, mpaka matumbo yakauma, na mimi ndiye niliyemlisha Wambura, nikimchagulia vipande laini, bila kinyongo.

Ukweli kuhusu ile "wanne" nilikuja kuujua nikiwa sekondari, na sikuambiwa. Nilimtembelea rafiki, nikaona mlango wa ndani ukirudishwa haraka, nikaona aibu usoni mwa baba yake. Nilirudi bweni nimeelewa. Nilimkasirikia baba kwa muda, halafu nikakumbuka kwamba siku ile zizini angeweza kunisahihisha kwa sentensi moja, lakini hakunisahihisha. Aliniacha niamini kwamba yeye ni mtu wa namna ile, kisha akaenda akawa. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa ada ya shule. Na mpaka leo, pamoja na mahubiri yote niliyosikia, zikisomwa habari za Bethlehemu namwona Yusufu mbele ya karani anasema wawili.

Wambura sasa ni mwanaume mwenye ndevu, na baba ndiye anayemnyoa. Ana kiti cha magurudumu, lakini siku ya Krismasi hakikubali. Anataka gogo na maksai. Desemba hii iliyopita alikwenda hivyo hivyo, kijiji kizima kikimsikia kwa kila jiwe, na baada ya ibada mchungaji wa sasa, kijana aliyehamia juzi tu, alikuja kula kwetu. Nilikuwa nimeshika jagi na beseni, namnawisha mikono, wakati alipomuuliza baba, kwa kutafuta maongezi tu, ana watoto wangapi.

Baba amezeeka, anaongea polepole. Alimwonyesha Wambura kwa kidevu. "Anayetangulia ni huyu, Wambura wa Ghati," alisema. "Halafu Mwita. Halafu Rhobi. Halafu Matiko, yuko Musoma." Akachukua kipande cha nyama, akakipuliza, akampa Wambura mdomoni. "Wanne tu, Mchungaji."

Mchungaji alinitazama, akamtazama baba. Baba hakuniangalia hata kidogo. Nami nikaendelea kummwagia mchungaji maji, mikono yake imeshatakata zamani, mpaka jagi likaisha.